Wakala wa nyonyo anataka nisafishe pori ekari 25, ila fomu yake inauliza "Januari 2008 palikuwa na nini?" Wataalamu njooni

#1 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijasaini kitu.

Nina ekari 31 huku Handeni, urithi wa marehemu mzee. Ekari 6 nalima mahindi, udongo umechoka, mwaka wa mvua nzuri napata magunia matano kwa ekari. Hizo 25 ni pori: miyombo, mininga michache, na mizinga minane ya nyuki ya mama mdogo. Wiki iliyopita amekuja wakala wa kampuni inayotafuta wakulima wa nyonyo. Mbegu bure, soko la uhakika, mafuta yanapelekwa Ulaya yakawe mafuta ya ndege. Anataka nisafishe pori lote. Anasema mafuta ya mimea ni "hewa ukaa sifuri" kwa sababu kinachotoka ukiyachoma ni kile kile mmea ulichovuta, kwa hiyo nitakuwa nimeiokoa dunia na nimetia hela mfukoni, yote kwa msimu mmoja.

Kilichonishtua ni fomu. Ukurasa wa pili, swali la saba: ardhi hii ilikuwa inatumika kwa nini Januari 2008? Nikamwambia pori. Bila hata kuinua kichwa akasema, "Andika shamba la zamani."

Sasa kama mafuta ni safi, 2008 inawahusu nini? Na mbona nidanganye?

#2 Kiti_Cha_Mbele

Naweka kiti. Mwenye karanga apitishe.

#3 Kapu_la_Mbegu

Kwanza tuelewane majina, maana mawakala hujificha humo. Nyonyo kuna wazee wanaiita mbono, wenzetu wa pwani ya Kenya wanaiita mbarika. Mbono kaburi ni mmea mwingine, ule unaopandwa kuzunguka makaburi na mazizi kwa kuwa mbuzi hawaugusi.

Nasema hivi kwa sababu wimbo huu nimeshaucheza. Miaka ya 2006 hadi 2009 ilikuwa mbono kaburi: unaota kwenye mawe, hautaki maji, hautaki mbolea, mafuta yake yanaendesha trekta. Nikapanda ekari tatu. Uliota kweli kwenye mawe. Kuzaa ndiko haukuzaa.

#4 Mizani_Juu

Mleta mada, fomu nzima ina maswali mengi lakini hilo la saba ndilo lenye uzito. Hizi hesabu ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kinachoitwa tathmini ya mzunguko wa maisha ni kazi ya karani wa ghala. Unakaa mlangoni na daftari, unaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, tangu jembe la kwanza hadi moshi wa mwisho: dizeli ya trekta, mbolea, lori la kwenda bandarini, umeme wa kukamulia, meli, kiwanda. Utaratibu wake upo kimataifa, ISO 14040 na 14044 za mwaka 2006, na una hatua nne. Unaamua unataka kujua nini na utahesabu kuanzia wapi mpaka wapi. Unakusanya takwimu. Unazigeuza ziwe madhara, yaani joto la dunia, uchafuzi wa maji, tindikali na kadhalika. Halafu unatafsiri. Ugomvi wote mkubwa huzaliwa kwenye ile ya kwanza. Ukiniachia nichore mpaka ninapotaka, nitakufanyia hata mkaa uwe malaika.

Wakala wako hakudanganya kuhusu moshi. Hata kanuni za Ulaya zinaiandika sifuri kaboni inayotoka mafuta ya mimea yakiungua. Ila daftari lake linafunguliwa siku mbegu inapoingia ardhini. Siku moja kabla yake pori lilikuwa limesimama, na miti ile karibu nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni. Ukiikata ukachoma visiki, kaboni hiyo inakwenda hewani mwaka huo huo. Nani aiandike, na kwenye daftari gani?

Ulaya walijibu kwenye sheria yao ya nishati jadidifu ya 2009: mafuta ya mimea hayahesabiki kama yametoka kwenye ardhi ambayo Januari 2008 ilikuwa msitu, ardhi oevu au ardhi ya mboji, yaani kinamasi chenye mabaki ya mimea yaliyorundikana. Na kama ardhi iliruhusiwa lakini matumizi yake yalibadilika, kaboni iliyopotea inagawanywa kwa miaka 20 na kubebeshwa mafuta. Ndiyo maana wakala anataka pori lako liitwe shamba la zamani. Kwa neno hilo moja mzigo wote unafutika.

#5 Mama_Zawadi_Njombe

Mkuu Mizani, hesabu weka taratibu basi. Wengine tulitoka na D mbili.

#6 Mizani_Juu

Haya dada, chukua peni. Nafanya kwa hekta moja, ambayo ni kama ekari mbili na nusu.

Nyonyo ya mkulima anayetegemea mvua za Mungu, tuseme inatoa tani 1 ya mbegu. Ukikamua vizuri unapata kilo 400 za mafuta, kilo 600 zinabaki mashudu. Kila kilo ya mafuta ina nishati kama megajuli 37 (megajuli ni kipimo cha nishati), kwa hiyo hekta yako imetoa megajuli 14,800 kwa mwaka. Ulaya wanahesabu kwamba mafuta ya petroli na dizeli, kuanzia kisimani hadi kwenye injini, yanatoa gramu 94 za gesi joto kwa kila megajuli. Zidisha: hekta yako ikichukua nafasi ya mafuta hayo kikamilifu, bila kutumia hata tone la dizeli wala punje ya mbolea, inaokoa kilo 1,391 kwa mwaka. Tani 1.4. Hiyo ndiyo dari, huwezi kuipita.

Sasa pori. Nakadiria kwa chini makusudi nisije nikaambiwa nimependelea: tani 30 za kaboni kwa hekta. Kaboni ikiungua inabeba oksijeni, unazidisha kwa 3.67, unapata tani 110 za hewa ukaa. Ukizigawa kwa miaka 20 ni tani 5.5 kila mwaka.

Unaokoa 1.4, unapoteza 5.5.

Kwa megajuli ni gramu 372, karibu mara nne ya dizeli. Ukitaka kujua deni la pori litalipwa lini, gawa 110 kwa 1.4: miaka 79. Na wewe una hekta 10, kwa hiyo zinaruka tani 1,100 hata kabla mbegu ya kwanza haijachipua.

Utaniambia mavuno yataongezeka. Sawa, mavuno ndiyo yanayogawa mzigo, kwa hiyo yana nguvu sana. Tani 2 kwa hekta, unashuka hadi gramu 186. Tani 4, unafika 93. Yaani ukipata tani nne, ambazo kwa mkulima asiyemwagilia sijaziona kwa macho yangu, utakuwa umemfikia dizeli mlangoni tu, bado hujaingia ndani. Na kiwanda kilichoanza kazi kuanzia 2021 Ulaya wanakitaka kiwe chini ya dizeli kwa asilimia 65, kwa hiyo kisizidi gramu 33.

#7 Dokta_wa_Mashudu

Mizani umeficha kitu. Hayo mashudu kilo 600 yanatumika kama mbolea. Huwezi kubebesha mafuta dhambi zote na mashudu yakaenda peponi bure. Gawa.

#8 Mizani_Juu

Sijaficha, nilikuwa nasubiri aliyesoma. Hapa ndipo tunapopikia hesabu, wapishi wakubwa wote wanapajua.

Ukigawa lawama kwa uzito, mafuta yanabeba asilimia 40 na mashudu 60, kwa hiyo 372 inakuwa 149. Kwa nishati, mashudu yakiwa na kama megajuli 18 kwa kilo, mafuta yanabeba asilimia 58, unapata gramu 215 na ushei. Kwa bei ya sokoni, mafuta yanabeba karibu yote kwa sababu mashudu ya nyonyo yana sumu, ng'ombe hali, bei yake ni ya kutupa. Shamba ni lile lile na mvua ni ile ile, lakini majibu ni matatu. Wala hakuna aliyedanganya, kila mmoja ameandika chini ya jedwali ametumia njia gani. Nani anasoma chini ya jedwali?

Ulaya wamechagua nishati. Lakini tazama hata ile nafuu kuliko zote, 149. Bado iko juu ya 94.

#9 Kapu_la_Mbegu

Na hapo hujaweka mbolea.

#10 Mizani_Juu

Haswa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kanuni ya kawaida ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, asilimia 1 ya naitrojeni unayomwaga shambani inageuzwa na vijidudu vya udongo kuwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo yake moja inapasha joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa. Piga: mfuko mmoja ni karibu kilo 99. Urea yenyewe ikiyeyuka inatoa kilo 37 nyingine. Jumla ni kama kilo 135 kwa mfuko, na bado hatujaugusa moshi wa kiwanda kilichoutengeneza. Mifuko miwili kwa hekta imekula karibu moja ya tano ya ile dari ya kilo 1,391.

Na hiyo asilimia 1 ina wapinzani wenye majina. Mwaka 2008 Paul Crutzen, aliyepata Nobeli kwa kazi yake juu ya tabaka la ozoni, aliandika na wenzake kwamba ukiangalia dunia nzima, inayogeuka ni kati ya asilimia 3 na 5. Wakiwa sahihi wao, kuna mazao yanayopoteza faida yake yote kwenye mbolea tu, bila hata mti mmoja kukatwa.

#11 Simba_Mzee

Mimi nawaangalia tu. Wazungu walifyeka misitu yao wakajenga viwanda, leo mmatumbi akitaka kufyeka ekari 25 ale, wanamletea gramu na megajuli. Halafu mnawashangilia.

#12 Mizani_Juu

Simba, hapo kuna ukweli na sitaukwepa. Hiyo miaka 20 haikutoka mbinguni, ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini Brussels. Wangechagua 30, ile 372 ingekuwa 248. Tarehe ya 2008 nayo wameichagua wao. Waliofyeka ya kwao kabla ya hapo wamesamehewa, wewe uliyechelewa umekamatwa mlangoni. Na shirika la ndege litakalochoma mafuta ya Handeni litaandika sifuri kwenye daftari lake, wakati pori limeondoka kwenye daftari lako. Hilo nalilalamikia kila siku kazini, wananiona mkorofi.

Lakini ukitaka kufyeka ule, fyeka upande chakula, tutabishana siku nyingine. Anachoambiwa mleta mada ni afyeke ili hewa iwe safi. Hilo ndilo nimelipiga hesabu, na hesabu haikubali.

#13 Mwana_wa_Magarini

Hodi humu. Mimi ni wa ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Kilifi. Nimesoma mpaka hapa nikacheka peke yangu, kwani habari hii tumeipitia.

Huku bara ya Malindi tuna msitu wa Dakatcha. Ni ardhi ya jamii, wenyewe ni Wagiriama na Wawatha. Ulikuja mradi wa Kiitaliano, wanataka hekta 50,000 walime mbono kaburi, mafuta yaende Ulaya. Maneno yalikuwa haya haya: ardhi haitumiki, ni kichaka, mbono inastahimili ukame, ajira kwa vijana. Watu wakagawanyika hasa. Kuna nyumba ambazo baba na mwana hawakusemezana.

Mwaka 2011 mashirika ya ActionAid, RSPB (lile la Uingereza la kulinda ndege wa porini) na Nature Kenya wakawapa kazi wataalamu wa North Energy wa Uingereza wapige hii hesabu ya Mizani kwa msitu wetu. Jibu: mafuta ya mbono ya Dakatcha yangetoa gesi joto mara 2.5 hadi 6 ya mafuta ya kawaida. Mradi haukuendelea.

Sisi hatukuwa na habari ya gramu. Tulichojua ni kwamba kile "kichaka kisichotumika" ndimo mlimo na dawa, kuni, asali na makaya yetu ya kuombea. Na kuna ndege mmoja humo, mnana wa Clarke, mdogo, manjano na mweusi, duniani kote hapatikani ila hapa Kilifi. Wataalamu walimtafuta kiota miaka na miaka. Kilikuja kuonekana 2013, Dakatcha hiyo hiyo. Hesabu miaka mwenyewe: kama mbono ingepandwa, wangekitafuta wapi?

Sasa swali langu kwa Mizani. Yule ndege ni gramu ngapi kwa megajuli?

#14 Mizani_Juu

Umenishika pabaya. Hapo daftari letu ni bovu. Kuna njia za kukadiria viumbe wangapi wanapotea kwa kila hekta inayobadilishwa, lakini zinapiga wastani wa eneo zima, na mnana wako si wa wastani. Ukimtia kwenye jedwali anapotea katika tarakimu za mwisho. Ripoti nzuri huwa inamwandikia aya yake pembeni, ripoti mbaya haimtaji kabisa.

Ule utafiti wa Dakatcha naufahamu, tunaufundishia. Isipokuwa usizifananishe namba zake na zangu za juu, zao ni jingine na msitu ni mwingine.

#15 Binti_Pwani

Naongeza la maji. Kijijini kwetu, mkoa wa Pwani, ilikuja kampuni moja, siitaji. Walipopima shamba lao, dimbwi tulilokuwa tunachota maji likaangukia ndani ya mpaka. Kwenye karatasi matumizi ya maji ya mbono yalikuwa madogo, na ni kweli hawakumwagilia. Lakini sisi tukaanza kutembea mwendo wa saa nzima na ndoo. Baadaye kampuni ikaondoka, ikabaki mibono na vibao. Fidia ya mikorosho ya bibi ilikuwa pesa ya kununua baiskeli.

Hiyo saa nzima na ndoo inaandikwa ukurasa gani?

#16 Dokta_wa_Mashudu

Binti, kuna tawi linaloitwa tathmini ya mzunguko wa maisha ya kijamii. Linahesabu mambo kama hayo. Nakiri bado linajifunza kutembea.

#17 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Wakuu asanteni, sikutegemea kufika huku. Basi wazo langu: pori naliacha. Zile ekari 6 za mahindi zilizochoka ndizo niweke nyonyo. Hapo sijakata mti. Niko salama?

#18 Mizani_Juu

Kwenye fomu uko salama. Kwenye hewa, ngoja nikuulize: mahindi utakula ya wapi?

#19 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Nitanunua. Malori ya Kiteto yanapita hapa.

#20 Mizani_Juu

Na wa Kiteto akiona wateja wa Handeni wameongezeka, atalima wapi? Pale pale kwenye pori lake. Mti haukukatwa kwako, umekatwa Kiteto kwa shoka ulilolinoa wewe.

Hiki ndicho kilichovuruga ulimwengu wa mafuta ya mimea mwezi Februari 2008. Jarida la Science lilitoa makala mbili. Moja ya Timothy Searchinger na wenzake kuhusu ethanoli ya mahindi ya Marekani, yaani pombe ya kuendeshea magari: kabla ya hapo ilikuwa inahesabiwa kupunguza gesi joto kwa asilimia 20. Wao wakauliza swali la Kiteto, nani duniani atalima mahindi yaliyoingia kwenye matenki, na jibu likawa kwamba gesi joto karibu inaongezeka maradufu ndani ya miaka 30. Nyingine ya Joseph Fargione na wenzake ndiyo iliyozoesha watu msemo wa deni la kaboni. Miwa kwenye nyika za Cerrado ya Brazili, miaka 17 kulipa. Michikichi kwenye msitu wa mboji Indonesia na Malaysia, miaka 423.

Shoka la Kiteto lina shida moja, halionekani kwa macho. Unalikadiria kwa modeli za uchumi, na kila modeli ina jibu lake. Ndiyo maana Ulaya hawakuliweka moja kwa moja kwenye hesabu ya kila mzigo. Wameweka kikomo kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula. Kwa maoni yangu ni woga, ingawa namwelewa anayekataa kumhukumu mkulima mmoja kwa modeli.

#21 Simba_Mzee

Kwa hiyo hakuna kupanda chochote. Tukae tu tuwatazame nyuki.

#22 Kapu_la_Mbegu

Simba hasira za nini. Vipo vinavyokubali. Mbono kaburi ule ule ulionitia hasara ekari tatu, dada yangu kauweka uzio kuzunguka zizi, mbegu anauza kwa akina mama wanaotengeneza sabuni. Hajakata mti, hajanunua mbolea, hajahamisha hindi hata moja. Kenya walifanya utafiti mwaka 2009 kwa kwenda mashambani kwa wakulima wenyewe badala ya kusoma vipeperushi, wakashauri mbono kaburi ubaki uzio tu, usipandwe kama shamba. Ningeusoma mapema ningekuwa na bajaji leo.

#23 Mizani_Juu

Kapu kamaliza. Nyingine inayokubali ni mabaki. Molasi ya kiwanda cha sukari: muwa umeshalimwa kwa ajili ya sukari, molasi inabaki, unaichachusha unapata ethanoli. Bagasi, yale makapi ya muwa uliokamuliwa, unaichoma boila inaendesha kiwanda. Kiwanda cha sukari cha TPC Moshi umeme wao unatoka kwenye bagasi, na hiyo inapunguza sana namba. Malawi wanachanganya ethanoli ya molasi na petroli tangu 1982, na sijamsikia mtu akiwaandikia makala ya kuwalaani.

Lakini usifumbe macho. Lita moja ya ethanoli inaacha nyuma lita kumi hadi kumi na tano za maji meusi ya moto yenye tindikali. Ukiyamwaga mtoni samaki wanaelea. Ukiyatia kwenye bwawa wazi yanatoa methani, gesi joto nyingine. Kuhusu methani ya bwawani kuna mfano wa michikichi ninaoupenda: kwenye viwango vya Ulaya vya 2009, dizeli ya mawese ilipewa nafuu ya asilimia 19 tu, na kiwango cha chini kilikuwa 35. Kiwanda kile kile kikifunika bwawa na kukusanya methani, kinapanda hadi 56. Shamba halijabadilika hata kidogo, ni turubai tu la bwawa!

#24 Mkaa_Original

Mnazunguka sana na ndege za Ulaya. Mimi nauza mkaa Mbagala. Kila gunia ninaloshusha ni mti. Mbona hilo hampigi gramu?

#25 Mizani_Juu

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na limetoka kwa mwenye mkaa!

Ulaya wanauliza gramu kwa megajuli. Wewe nikuulize gramu kwa sufuria ya maharage. Hicho tunakiita kipimo cha kazi, yaani unalinganisha vitu kwa kazi vinayofanya na si kwa ujazo wake. Tanuri la kienyeji la udongo linapoteza sehemu kubwa ya mti kabla mkaa haujaingia kwenye gunia. Jiko la mkaa nalo linapoteza sehemu kubwa ya joto pembeni ya sufuria. Jiko la ethanoli linapeleka joto zaidi chini ya sufuria, tena halina moshi wa kumuua mama. Kwa hiyo ethanoli ya molasi ile ile, ukiitia kwenye gari inachukua nafasi ya petroli, na lita yake ina megajuli 21 dhidi ya 32 za petroli. Ukiitia jikoni inachukua nafasi ya mkaa, na nyuma ya mkaa kuna pori la mtu. Ningekuwa na lita moja tu na hiari ni yangu, ingekwenda Mbagala.

#26 Mkaa_Original

Ukiileta Mbagala mimi nitauza nini?

#27 Binti_Pwani

Uza ethanoli.

#28 Mkaa_Original

Mtaji utanipa wewe?

#29 Dokta_wa_Mashudu

Turudi kwa mleta mada kabla hatujamsahau. Handeni mna misimu miwili, masika na vuli. Masika unalima mahindi yako kama kawaida. Vuli zile ekari 6 zinafanya nini?

#30 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Vuli huku ni kamari. Mara nyingi zinalala, ng'ombe wa jirani wanazurura.

#31 Dokta_wa_Mashudu

Basi hapo ndipo pa kujaribu, ekari moja, nyonyo ya muda mfupi. Mahindi hayahami, Kiteto hainoi shoka. Tangu 2024 Ulaya wameliongeza zao la katikati ya misimu kwenye orodha wanayoipa upendeleo, pamoja na zao lililopandwa kwenye ardhi iliyoharibika sana, lakini kuna masharti na vipimo vya udongo, wakala akuonyeshe karatasi. Mashudu ukirudishiwa, yatie shambani, itapunguza mfuko wa urea. Mbuzi wasiyaguse kabisa. Na ikila unyevu wa masika inayofuata ukaona mahindi yamedhoofu, acha, maana hapo umeshahamisha mahindi kwa mlango wa nyuma.

#32 Mizani_Juu

Nasaini hapo. Na asali ya mama mdogo iingize kwenye daftari, usiiache kwa kuwa haina megajuli.

#33 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Wakuu naleta mrejesho. Jamaa karudi leo asubuhi na pikipiki. Nikamwambia ekari moja, vuli, shamba la mahindi. Uso ukabadilika, akasema kampuni haichukui chini ya ekari kumi. Nikamwambia basi nipe fomu nijaze ukweli, wenyewe waamue. Akanipa. Swali la saba nikaandika: PORI. MIYOMBO, MININGA. MIZINGA 8.

Akaiangalia sana. Akaniuliza kama nina kifutio. Nikamwambia nimetumia wino. Amesema atarudi Jumatatu na fomu nyingine, ila hii niliyojaza hakuiacha, ameikunja kaitia mfukoni.

#34 Kiti_Cha_Mbele

Uliipiga picha?

#35 Mchanga_wa_Handeni (mleta mada)

Mama mdogo aliipiga, alikuwa kwenye mizinga.